Mkono wa Kuwinga Ndege

Erdington, Birmingham
9 Machi 2025

Shangazi mpendwa,

Nakusalimu kutoka kwenye baridi ambayo nikikueleza utasema naongeza chumvi. Mimi ni mzima, na Nyambura ninayeishi naye ni mzima pia. Anakusalimu ingawa hamjaonana. Baba aliniambia kwamba nyuki wamerudi kwenye mizinga ya juu, na kwamba umekataa katakata kununuliwa simu. Haya, shauri yako.

Barua yangu ya Desemba uliyonirudishia imefika, imejaa wino mwekundu. Shangazi, nina miaka ishirini na saba, naogesha na kulisha wazee kumi na wawili kila siku kazini, na bado unanisahihishia barua kama mtoto wa darasa la pili. Nyambura alicheka mpaka akakaa chini. Nilimweleza kwamba ndivyo tulivyoanza nilipokuwa shule ya bweni, na kwamba barua ya mashine huisomi kabisa, unasema hizo ni za benki.

Sasa nikwambie kilichoniketisha niandike. Nimepata timu. Si ya softiboli kama ile uliyotufundisha shuleni. Ni ya besiboli yenyewe, ya wanaume, na inacheza Jumapili kwenye uwanja wa nyasi karibu na kwetu. Nilikuwa natoka kazini nikasimama kwenye uzio kutazama. Mpira ukavuka uzio, nikauokota, nikaurudisha vile ulivyonifunza, chini chini, kiganja kikipita karibu na goti.

Kocha anaitwa Balbir, Singasinga anayeendesha basi la Coventry Road. Alikuja mbio kuniuliza nimejifunzia wapi kurusha hivyo. Nikamwambia Makindu, kwenye mtama, nikiwinga ndege wasile nafaka. Akabadilisha lugha palepale, akaniuliza kwa Kiswahili kama pale hekaluni kwao Makindu bado wanagawa dengu na chapati bure. Kumbe babu yake alikuwa fundi wa reli, na yeye alikula pale akiwa mtoto.

Wanataka niwe mrushaji, yule anayesimama katikati na kumrushia mpira mwenye gongo. Siku tulipoagana nilikuambia kwamba siku moja nitaucheza mchezo huu kama kazi, ukanitazama tu. Nitazame tena sasa.

Mwanao,
Peninah Syombua


Makindu
4 Aprili 2025

Syombua mwanangu,

Barua yako niliipata Ijumaa, siku yangu ya kufungua sanduku la posta. Huku tuko salama. Mvua ilinyesha siku tatu ikakumbuka ina shughuli nyingine. Baba yako ameumwa kwenye kope na nyuki wake mwenyewe na anasema walimfananisha na mtu. Barua yako iko humu ndani, makosa kumi na moja tu. Unajitahidi.

Kuhusu huo mrusho. Watatokea watu wa kutaka kuubadilisha, wakuambie uinue mkono juu ya bega kama wao. Usikubali. Sisi tulirusha chini kwa sababu ukirusha juu unavunja masuke, na mama yangu hakuwa mtu wa kuvunjiwa masuke. Bonge la udongo lilitakiwa lipite katikati ya mabua kisha lipande, na ndege asijue limetoka wapi. Huyo mwenye gongo naye ni ndege tu.

Linda kiwiko. Usirushe siku mbili mfululizo. Ukisikia maumivu hata kidogo, unaacha na unamwambia kocha siku hiyohiyo. Hilo si ombi.

Hukuniuliza lolote kuhusu mimi na mchezo huo. Umefanya vizuri.

Shangazi yako,
Mutindi


Erdington
11 Mei 2025

Shangazi mpendwa,

Natumaini mvua imekumbuka njia ya kwenu. Huku kumeanza kuwa na jua, na Waingereza wamevua mashati yote kana kwamba wameambiwa halitarudi. Nyambura amepandishwa cheo hospitalini, sasa anatembea akishika kiuno.

Tumecheza mechi tano. Muzamil, kijana wa Small Heath anayedaka mipira yangu, anasema mkono wake unawaka moto mpaka Jumatano. Yeye alikulia kwenye kriketi, ambako wengi hudaka kwa mikono mitupu, basi kwanza alikuwa anajisahau na kuvua glavu. Timu ya wageni walipofika wiki jana, mmoja wao aliniuliza maji ya kunywa yamewekwa wapi. Alidhani mimi ndiye niliyeyaleta. Aliposhika gongo nilimtoa uwanjani kwa mipira mitatu, hakugusa hata mmoja, akapita mbele yangu akitazama viatu.

Balbir ameniazima kitabu cha historia ya mchezo huu kule Marekani. Kumbe zamani, wakati wa ubaguzi, wanawake weupe walikuwa na ligi yao na wakawafungia mlango wanawake weusi. Wachache wakaenda kucheza na wanaume weusi, wakisafiri kwa basi, wakilala humohumo kwa sababu hoteli ziliwakataa. Nilisoma nikaweka kitabu chini nikatembea chumbani. Mimi hoteli hainikatai. Lakini mpaka leo, ukitaja besiboli wanakuambia wanawake wana softiboli yao, kaa huko. Na katika uwanja wote mimi ndiye mwanamke pekee, na ndiye mweusi pekee.

Sasa sikiliza. Kuna ligi mpya ya wanawake inayoanzishwa Marekani, ya kulipwa, kazi kamili. Wateuzi wao watakuja hapa Birmingham tarehe sita Septemba kutujaribu. Balbir ameshaandikisha jina langu. Nikilala naota nyasi tu.

Najua hupendi nikimtaja babu, lakini lazima niseme. Wewe ulichaguliwa mwaka wa 1987, msichana wa kwanza wa shule yenu kuchaguliwa timu ya kwenda ng'ambo, na babu akakataa kutia kidole kwenye fomu. Mimi sijamsamehe. Alipokuwa anakufa akaomba nimshike mkono, nikatoka nje. Nilikuwa na miaka kumi na sita na sijutii. Nitakapoingia uwanjani tarehe sita, tutaingia wawili.

Peninah


Makindu
8 Juni 2025

Syombua,

Tu wazima sote. Mtama umechanua. Barua nimeirudisha, makosa saba.

Hongera kwa majaribio. Nimeandika tarehe kwenye kalenda ya kanisa, nyuma, mahali ambapo baba yako hatazami.

Mambo ya mwaka wa 1987 yaache huko yaliko. Na babu yako mwache apumzike. Usiingie uwanjani na mtu yeyote mgongoni. Ingia peke yako, na mkono mzima.

Shangazi


Erdington
13 Julai 2025

Shangazi mpendwa,

Hujambo? Sisi hatujambo. Usishangae mwandiko, naandika ndani ya basi na dereva si Balbir.

Mazoezi yanaendelea vizuri sana. Muzamil amesafiri kwa hiyo wiki hizi nafanya mazoezi mepesi. Kazini ni salama. Kila kitu ni salama. Zimebaki wiki nane.

Nikumbuke kwenye maombi.

Peninah


Makindu
3 Agosti 2025

Syombua,

Salamu utazikuta mwisho. Barua yako ya Julai nimeirudisha bila wino mwekundu, kwa sababu kosa lake haliko kwenye maneno. Mimi ndiye niliyekufundisha kushika kalamu, nyuma ya mlango wa jiko, kwa mkono wa kulia. Herufi hizi zimelala kushoto, na kila mstari wino umepakazwa, kiganja kimepita juu ya maneno kabla hayajakauka. Basi halifanyi hivyo. Umeandika kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia una nini?

Nilikupigia Jumapili kwa simu ya baba yako. Ukasema uko poa, ukampa Nyambura simu. Ningesema siku ileile, lakini baba yako alikuwa ameketi karibu nami akimenya chungwa, na jambo lenyewe halijawahi kutamkwa katika boma hili.

Sikuchaguliwa, Syombua.

Wiki tatu kabla ya siku ya wateuzi nilikuwa natoka kisimani. Mtungi ukaniponyoka kichwani, nikaudaka kabla haujafika chini, kiwiko kikalia. Sikumwambia mtu. Nilidhani nikinyamaza nacho kitanyamaza. Nikaenda Machakos nikasimama mbele yao, nikarusha mipira minne mizuri kuliko yote niliyowahi kurusha. Wa tano ulianguka miguuni pangu na mkono haukuinuka tena. Nilirudi nimeufunga kwa leso chini ya sweta. Watu walikuwa wamenisubiri njiani, wanawake wengine wameacha kazi shambani kuja kunipokea, na nikaona siwezi. Nikafungua mdomo nikasema nimechaguliwa ila baba amekataa.

Babu yako hakukataa. Kabla sijaenda Machakos alitembea mpaka shuleni kutia kidole kwenye ile fomu, yeye ambaye hakujua kusoma hata jina lake, na mwalimu mkuu, ambaye baadaye alinirudishia fomu na kunifichia siri, alisema hajawahi kuona mzazi aliyebonyeza kwa nguvu vile. Fomu yenyewe nimeiweka humu. Tazama kidole chake.

Aliposikia niliyosema aliniita zizini. Nilijua nitachapwa. Akaniambia, "Mimi bega langu halina mpira wa kurusha. Huo mzigo weka hapo." Watu wakamsema sokoni na kanisani, baba yako akakua akimchukia kwa ajili yangu, naye akanyamaza mpaka akafa. Siku ulipokataa kumshika mkono nilikuwa nimesimama mlangoni. Ulinipita ukilia kwa hasira, kwa ajili yangu, na mimi nikakupisha.

Wewe unadhani mkono wangu umepinda kwa sababu ya uzee. Haujanyooka tangu Machakos. Sijarusha hata kokoto kwa miaka thelathini na minane, hata ninyi niliwafundisha kwa mdomo tu, na kila mtama ukiiva nausikia mkono huu ukitaka. Hakuna siku sijautamani ule uwanja. Hata sasa nikikuandikia nautamani.

Usirushe. Waambie umeumia, kwa mdomo wako, mbele yao. Watakufuta kwenye orodha na itauma, najua, lakini maumivu hayo huisha.

Huku tuko salama. Baba yako anakusalimu.

Mutindi


Erdington
14 Septemba 2025

Shangazi,

Naandika kwa mkono wa kushoto, na sasa sina haja ya kuficha. Sisi ni wazima.

Bahasha yako ilifika Jumatano, siku tatu kabla ya majaribio. Niliipapasa nikasikia unene wake nikajua umenirudishia barua, na nikajua umeona. Sikuifungua. Niliitia kwenye mfuko pamoja na glavu nikatembea nayo siku tatu.

Ilitokea tarehe pili Julai. Mzee wa chumba namba sita aliteleza bafuni nami nikamdaka kwa mkono mmoja. Yeye hakuumia. Aliniita malaika na akaomba chai. Mimi nilienda nikakaa kwenye choo cha wafanyakazi nikauma taulo. Sikumwambia Nyambura wala Balbir. Muzamil hakuwa amesafiri popote. Aliona mipira yangu imekufa akaniuliza, nikamwambia adake tu anyamaze.

Jumamosi tulikuwa wasichana sitini. Walinipa namba arobaini na moja. Nilikuwa nimemeza vidonge na nimeufunga mkono vizuri, na nilijua ninayo mipira kumi, labda kumi na miwili. Kumi ingetosha. Nikakaa kwenye uzio kusubiri zamu, nikawaza, kama ni kukemewa acha nikemewe sasa ili nirushe kwa hasira. Nikafungua.

Niliisoma mara mbili. Halafu nikatoa fomu. Karatasi imekuwa ya manjano lakini kidole kipo, kila mstari wake upo. Nikaweka changu juu yake. Chake ni kikubwa, Shangazi, changu kilipotelea ndani. Mkono wenye kidole hicho niliuacha ukining'inia kitandani. Nilibaki nimekaa hivyo mpaka Balbir akaja kuniambia wako thelathini na tisa.

Nilimwendea yule mama anayeandika majina nikamwambia kiwiko kimeumia tangu Julai. Akaniuliza kama nina hakika nataka kusema hivyo, kwa sababu hapo hakuna nafasi ya pili siku hiyo. Nikasema sina hakika, lakini mkono umeumia. Aliandika kitu mbele ya namba yangu, sikuona ni nini. Balbir alivua kofia yake ya kocha akaniwekea juani, juu ya kilemba changu. Muzamil aligeuka akatazama barabara.

Sikuondoka. Nilitazama mpaka wa mwisho. Wengine wana miaka kumi na tisa, wanarusha kama hawajawahi kuambiwa hapana. Nilitaka, Shangazi. Nilitaka mpaka meno yakaniuma. Bado nataka, hapa ninapokaa.

Daktari amesema miezi minne bila kurusha, na kwamba ningerusha siku ile mshipa ungekatika. Kwa hilo asante. Lakini nimekukasirikia na sitaki kujifanya. Uliniacha nimnyime babu mkono. Uliniona nikitoka.

Fomu sikurudishii.

Peninah


Erdington
23 Novemba 2025

Shangazi,
Nimeruhusiwa kuandika mistari michache kwa mkono wa kulia.
Majina yametoka, langu halimo.
Nilisema nimekasirika. Sikusema usiniandikie.
Kila Jumamosi nachungulia sanduku la barua.
Peninah


Makindu
25 Januari 2026

Syombua mwanangu,

Nakusalimu sana, wewe na Nyambura, na huyo Balbir, na mzee wa chumba namba sita kama bado yupo. Mwambie Balbir dengu bado zipo. Nilienda kula juzi kwa ajili yake.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu niliapa sitashika kalamu kabla sijatumia mdomo. Nikangoja Krismasi, watu wote wawe nyumbani. Baada ya chakula niliwaita kaburini kwa baba, nikasema yote, kuanzia mtungi mpaka wewe kutoka nje. Nilisema nikiwa nimesimama. Watoto walidhani ni maombi wakafumba macho. Baba yako alinisikiliza mpaka mwisho, akang'oa magugu mawili pembeni mwa kaburi, akaondoka. Hakuongea nami siku nane. Mwaka mpya alikuja akaweka chupa ya asali mezani kwangu akarudi zake bila kuketi. Bado haongei sana. Jumapili hizi hupalilia pale kaburini peke yake, na mimi humwacha.

Hasira yako ni haki yako. Kaa nayo kadiri unavyotaka, lakini niandikie ukiwa nayo. Kuhusu mkono wa babu yako sina la kukuambia la kukutuliza. Ninachojua ni kwamba ulipotoka alinitazama akasema, "Huyo anakupenda." Alifurahi, Syombua. Nilipaswa kukuambia miaka kumi na moja iliyopita.

Barua yako ya mistari michache nimeirudisha. Kosa ni moja, hukuweka salamu. Mwandiko umesimama wima. Niliitazama muda mrefu kabla ya kuchukua wino mwekundu, na ukitazama vizuri utaona mahali ambapo wino umechuruzika, basi ujue si mvua.

Miezi minne imeisha. Mimi sijui yule mama aliandika nini mbele ya namba yako, na sijui kama watarudi. Wewe anza kurusha polepole, na siku Muzamil atakapolalamika kwamba mkono wake unawaka, niandikie siku hiyohiyo.

Jingine ni hili. Mtama umeiva na watoto wamerudi shule, kwa hiyo Ijumaa asubuhi hapakuwa na mtu wa kuwinga. Ndege wakashuka wengi, shamba likawa linatembea. Nilipiga debe wakanizoea. Nikaona bonge la udongo karibu na mguu wangu. Nilisimama nalo mkononi mpaka likaanza kuyeyuka kwa jasho. Halafu nikainama, nikalipitisha karibu na goti, nikaliachia. Kiwiko kiliuma mpaka shingoni. Lilipita katikati ya mabua, halikufika hata nusu ya shamba, na halikuvunja suke hata moja.

Ndege waliruka wote. Nilikaa chini palepale nikalia kwa sauti, mwanamke wa miaka hamsini na sita, peke yangu shambani. Kisha nikapapasa ardhini nikatafuta jingine.

Shangazi yako,
Mutindi